Moshi Mmoja, Mapipa Matatu

Wateja wanaokaa kwenye kaunta yangu hapa Glasgow wakitafuta wiski ya moshi karibu wote huuliza: ipi kali kuliko zote? Nawaelewa. Glasi ya kwanza ya Ardbeg au Laphroaig humshtua mtu. Inanuka lami, Dettol, samaki wa kubanika, mwani uliokaukia ufukweni. Mtu akishaizoea, anatamani kitu cha kumshtua tena. Mimi huwajibu kwa swali langu: umeshajaribu moshi uleule uliolala kwenye mapipa tofauti?

Moshi wenyewe hutoka ardhini. Kisiwa cha Islay, magharibi mwa Scotland, zinakotoka wiski hizo, kina miti michache na kinamasi kingi. Mimea iliyokufa imelundikana humo kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa, ikawa udongo mweusi uitwao piti, unaoongezeka kwa takriban milimita moja tu kwa mwaka. Hukatwa vipande kama matofali, ukaanikwa, kisha ukachomwa. Shayiri iliyoloweshwa ikaanza kuota hukaushwa juu ya moshi huo, na harufu hunasa kwenye maganda ya shayiri hiyo, ambayo sasa huitwa kimea. Baadaye husagwa, ikachachushwa kwa hamira na kukenekwa katika mitungi mikubwa ya shaba.

Ukali wa moshi hupimwa kwa fenoli, kemikali zinazobeba harufu yake, zilizomo kwenye kimea. Kimea cha Ardbeg huwa na sehemu kama 55 kwa milioni, cha Lagavulin kama 35. Octomore, inayotoka kiwanda cha Bruichladdich, toleo lake la 08.3 lilifika 309, na wapo wanaoitaja namba hiyo kama matokeo ya mpira. Namba hiyo ni ya kimea kabla hakijawa kinywaji. Fenoli nyingi hupotea njiani, na miaka ndani ya pipa huendelea kuutuliza moshi. Kwa hiyo chupa yenye namba mara mbili haikupi moshi mara mbili. Usilipie namba.

Sasa pipa. Sheria inataka wiski ya Scotland ilale kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3, hukohuko Scotland. Mapipa mengi hutoka Marekani, ambako wiski yao, bourbon, lazima iwekwe katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Likishamwagwa, pipa hilo la lita kama 200 halina kazi tena kwa bourbon, na Waskoti hulinunua. Huleta ladha ya vanila, nazi, wakati mwingine ndimu. Pipa la sheri, mvinyo wa kusini mwa Hispania, huwa kubwa, hata lita 500, na huleta zabibu kavu, tende na karafuu. Zamani sheri ilisafirishwa Uingereza ndani ya mapipa, nayo yakiwa matupu yalibaki huku. Siku hizi hufungwa chupani Hispania, hivyo mapipa mengi huandaliwa makusudi: hutiwa sheri kwa mwaka mmoja au miwili, kisha hupelekwa kwa watengeneza wiski. Na pipa lolote likijazwa mara ya tatu au ya nne, huwa limechoka, halina mengi ya kutoa.

Nikitaka kumwonyesha mtu haya, namwekea Ardbeg tatu. Ten, yenye kilevi asilimia 46, imelala kwenye mapipa ya bourbon. Uigeadail, 54.2, imechanganya bourbon na sheri. Corryvreckan, 57.1, ina sehemu iliyokaa kwenye mwaloni mpya wa Ufaransa. Kabla ya kulinganisha, sawazisha nguvu zifanane na ya Ten, la sivyo utakuwa unahukumu kilevi. Kwa toti ya mililita 25, Uigeadail inataka maji kama kijiko kimoja cha chai, Corryvreckan kijiko kimoja na kidogo zaidi. Tumia glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba. Usizamishe pua, ipitishe juu tu, mdomo ukiwa wazi kidogo. Onja kidogo, izungushe ulimini, meza, kisha ngoja. Moshi hurudi baada ya kumeza, na hapo ndipo tofauti zinapojitokeza.

Ten huachia moshi nafasi. Unaupata mkavu, wenye chumvi na ndimu, na vanila ikija nyuma polepole. Uigeadail ni nzito, kama nyama iliyokaushwa motoni ikapakwa asali ya tende. Wageni wengi huipenda papo hapo. Corryvreckan ina pilipili manga na ukakasi wa mti mpya unaoshika ufizi, na ukiinywa bila maji itakunyamazisha.

Mimi naipa Ten nafasi ya kwanza. Sheri ikizidi hufunika kasoro na uzuri pamoja, na chupa nyingi za bei ghali zinauza utamu wa pipa kwa jina la moshi. Uigeadail imeponea hapo kwa sababu wachanganyaji wake hawakuiachia sheri itawale. Anayebisha namkaribisha; tunabishana vizuri kaunta ikiwa haina watu.

Chupa tatu ni gharama, basi changeni watu wanne, au ombeni toti moja moja baa. Mkifika Islay, viwanda vya Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg viko kwenye njia moja ya miguu kutoka mji wa Port Ellen, mwendo wa maili tatu hivi, kwa hiyo tembeeni, msiendeshe gari mkionja. Tangu Desemba 2014 dereva wa Scotland haruhusiwi kuzidi miligramu 50 za kilevi katika mililita 100 za damu, wakati England kiwango ni 80.