Kiyoyozi cha Boti Kinapozima Chenyewe: Fuata Joto Hadi Baharini

Mada za joto, kanieneo na umeme hufundishwa kila moja peke yake, na watahiniwa wengi huzirudia hivyo hivyo: wiki hii joto, wiki ijayo umeme. Kiyoyozi cha boti kinatupa nafasi ya kuzipitia kwa pamoja, kwa sababu kikisumbua, anayekitengeneza hana budi kujua joto linatoka wapi, linapita wapi na linaishia wapi. Karatasi ya Fizikia utaikuta kwa Kiingereza, lakini ukishaielewa sababu kwa Kiswahili, kuiandika kwa Kiingereza ni kazi ndogo.

Kwanza tuondoe sentensi inayojitokeza sana kwenye madaftari: "Kiyoyozi hutengeneza ubaridi." Si kweli. Kiyoyozi hulichukua joto lililomo chumbani na kulitupa nje. Ndani ya koili baridi, kimiminika cha kupozea, ambacho mafundi hukiita gesi hata kikiwa kimiminika, huvukizwa, na katika kuvukizwa hunyonya joto fiche kutoka kwenye hewa ya chumba. Kompresa huukandamiza mvuke huo, kanieneo yake (presha) ikapanda pamoja na halijoto. Baadaye, kwenye kondensa, mvuke hurudi kuwa kimiminika na kuliachia joto lote lililobebwa, pamoja na lile lililotokana na kazi ya kompresa.

Nyumbani kondensa imo katika lile boksi la nje lenye feni kubwa. Boti nyingi zenye vyumba vya kulala hazina boksi hilo. Joto lake hutupwa baharini. Maji ya bahari huingia kwa tundu lililo chini ya usawa wa maji, hupita kwenye vali, kisha chujio, kisha pampu, hupita kwenye kondensa na kutoka kwa bomba dogo ubavuni mwa boti. Ichore njia hii kwenye daftari lako kabla ya kuendelea. Karibu kila kitu kinachofuata kinaitegemea.

Sasa tuchukue tatizo. Kiyoyozi kinawaka, kinapoza kwa dakika chache, kisha kompresa inazima yenyewe wakati feni ikiendelea kupuliza. Baada ya muda inawaka tena, halafu inazima tena. Mtu asiyejua joto linakwenda wapi atasema gesi imekwisha, aagize mtungi na kulipa. Anayejua atatoka nje kwanza na kuangalia ubavuni: maji yanatoka? Yanatoka kwa nguvu ya kawaida, au yanadondoka tu?

Hesabu itakuonyesha kwa nini tunaanzia hapo. Chukulia kiyoyozi kinaondoa joto chumbani kwa kasi ya 3,500 W na kompresa inatumia 1,000 W. Bahari itapokea jumla ya 4,500 W. Chukulia pia kila kilo ya maji ya bahari inahitaji kama 4,000 J ili ipande nyuzijoto 1, na kwamba pampu inapitisha kilo 0.225 kwa sekunde, yaani kama lita 13 kwa dakika.

P = (m/t) × c × Δθ

4,500 = 0.225 × 4,000 × Δθ, hivyo Δθ = 5.

Maji yaliyoingia yakiwa na nyuzijoto 28 yatatoka yakiwa na 33. Hapo hakuna shida. Sasa chujio lizibe, maji yabaki theluthi moja, kilo 0.075 kwa sekunde. Joto la kutupwa ni lile lile, kwa hiyo Δθ = 15, na maji yatatoka yakiwa na nyuzijoto 43. Kondensa lazima iwe na halijoto kubwa kuliko maji yanayoipoza, nayo kanieneo ya mvuke uliomo ndani yake hupanda pamoja na halijoto. Kwa R-410A, inayotumika kwenye viyoyozi vingi, kanieneo kwenye nyuzijoto 40 ni kama mara 24 ya kanieneo ya angahewa. Kwenye nyuzijoto 60 ni kama mara 38. Kiyoyozi kina swichi ya kinga inayoikata kompresa kanieneo ikizidi. Ikipoa, inairuhusu kuwaka tena. Ndiyo maana ya kuzima na kuwaka kule. Wapo wanaoiruka swichi hiyo kwa kipande cha waya ili "isisumbue". Hao wanaizima kengele na kuuacha moto ukiwaka.

Kitu gani hupunguza maji? Katika pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia karibu mita 4. Boti iliyoelea vizuri asubuhi inaweza kujikuta mchana tundu lake la kunyonya liko karibu na tope na majani ya bahari. Msimu wa mvua za masika mito na mitaro huleta takataka, na mfuko mmoja wa plastiki ukinaswa kwenye tundu unatosha. Kuna pia viumbe vyenye magamba magumu, wale wanaojigandisha kwenye miamba na matumbo ya mashua. Hukua ndani ya mabomba na kuyabana kidogo kidogo, hasa boti ikikaa bila kutumika.

Kusafisha chujio ni kazi rahisi, ila mpangilio wake hauna mjadala: zima kiyoyozi, funga vali, ndipo ufungue chujio. Tutumie fizikia kuona sababu. Tundu likiwa nusu mita chini ya usawa wa maji, nishati ya mgh hugeuka kuwa ½mv², hivyo v = √(2 × 10 × 0.5), kama m/s 3.2. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 2.5 lina eneo la kama m² 0.0005. Tukipuuza msuguano, maji yataingia lita 1.6 kila sekunde, karibu lita 95 kwa dakika. Kwa dakika kumi tu utakuwa umeingiza karibu tani moja ya maji ndani ya boti. Boti inaweza kuzamia hapo hapo gatini ilipofungwa.

Hali nyingine hupotosha hata watu wazoefu. Boti imetoka kupakwa rangi nchi kavu, imerudishwa majini, chujio ni safi, vali iko wazi, pampu inavuma, lakini ubavuni hakutoki hata tone. Hewa imenaswa ndani ya pampu. Pampu hizi huyarusha maji kwa kuyazungusha, na kanieneo inayotengenezwa hutegemea densiti ya kitu kinachozungushwa. Maji ya bahari yana densiti ya kama kg/m³ 1,025, hewa kama 1.2. Pampu ikizungusha hewa hutoa kanieneo ndogo zaidi ya mara 800, nguvu isiyoweza kuinua maji hata sentimita chache. Kwa hiyo pampu huwekwa chini ya usawa wa maji, na bomba hupandishwa mfululizo bila kona ya kuinama na kuinuka, ili hewa ipate njia ya kutoka. Hapa fundi hulegeza bomba la juu ya pampu, hewa ikatoka, akalikaza pale maji yanapokuja bila mapovu.

Maji yakitoka vizuri na chumba bado ni cha moto, rudi ndani. Hewa inayopulizwa ni dhaifu na koili imevaa barafu? Chujio la hewa limejaa vumbi. Hewa ya chumba ndiyo inayoipa koili joto. Ikipungua, halijoto ya koili hushuka chini ya sifuri na unyevu hugandia hapo. Barafu haipitishi joto vizuri, nayo huzidi kuziba njia ya hewa. Zima upozaji, acha feni iendelee hadi barafu iyeyuke, safisha chujio. Barafu ikirudi na chujio ni safi, sasa una haki ya kuanza kushuku gesi.

Mlango uliowazi nao si jambo dogo. Kila kilo ya mvuke unaotoneshwa kwenye koili hutoa joto fiche la kama J 2,260,000. Kiyoyozi chetu cha 3,500 W kitatumia karibu dakika 11 kuondoa joto hilo peke yake, bila kushusha halijoto ya chumba hata kidogo.

Upande wa umeme nitataja jambo moja. Kompresa inaguna bila kuwaka wakati boti imeunganishwa na umeme wa nchi kavu kwa waya wa mita 50 wenye unene wa mm² 1.5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu ni mita 100, na R = ρL/A inatoa kama 1.1 Ω. Mota ikivuta 25 A wakati wa kuanza, volti 28 hupotea njiani, na 230 inakuwa kama 202. Tatizo liko kwenye waya wala si kwenye kompresa.

Swali la kujipima: Kiyoyozi kile kile, mabomba yakiwa safi, kinafanya kazi bila kuzima mwezi Agosti maji ya bahari yakiwa na nyuzijoto 26. Mwezi Machi, maji yakiwa na 29, kinazima kila mchana. (a) Kwa mtiririko wa kilo 0.1 kwa sekunde na 4,500 W, tafuta halijoto ya maji yanayotoka katika kila mwezi. (b) Mtiririko huo unakuambia nini kuhusu pampu? (c) Eleza, ukitumia kanieneo ya mvuke, kwa nini nyuzijoto 3 tu zimetosha kuleta tofauti hiyo.