Redio Ikikoroma, Tusimkimbilie Jirani



Mwezi huu tunaleta habari ya redio zetu. Kwa wiki mbili, kwenye mstari mmoja wa nyumba, redio za masafa mafupi zilikuwa zinakoroma tu. Wazee wanaotafuta habari za nyumbani Kongo walikuwa wanapata "zzzzz" mchana kutwa. Kijana mmoja alikuwa ametundika waya mrefu juu ya mwembe, basi maneno yakaanza: eti ana foni, eti anapeleka habari ng'ambo. Sisi tuliokimbia vita tunajua neno kama hilo linaweza kumfikisha mtu wapi. Kijana akaogopa, akashusha waya usiku. Asubuhi jua likapanda, na koromo likarudi palepale.

Hapo ndipo tulipokaa chini tukafikiri. Waya wake ulikuwa wa kupokea tu, asikie stesheni za mbali.

Foni ni kitu kingine. Wengi tunaikumbuka kutoka nyumbani: misheni, hospitali na wafanyabiashara walipitishia habari zao humo, mahali pasipo na simu. Wako pia wapenzi wa redio wenye leseni, ambao huzungumza na watu wa nchi za mbali kwa kujifunza na kujifurahisha. Hapa Uganda alama zao za mwito huanza na 5X. Chombo cha kurusha kikiwa karibu, nguvu yake inaweza kuingia kwenye redio ya nyumbani. Lakini inaingia kwa vipande, kufuata mtu anavyosema, na mara nyingi sauti inakuwa kama ya bata. Akinyamaza, nayo inanyamaza. Koromo letu lilikuwa halinyamazi mpaka jua lizame.

Jua! Tukatembea na redio ndogo ya betri. Kila tulipokaribia kibanda cha kuchaji simu, kelele zikazidi. Mama mwenye kibanda akachomoa kidhibiti chake kipya cha sola: kimya. Akachomeka: zzzzz.

Baadhi ya vidhibiti vya sola, inverta, chaja na balbu za LED, hasa vya bei rahisi, hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde moja, na nyaya zake zinageuka antena. FM haisumbuki sana, ndiyo maana Radio Pacis ya Arua iliendelea kusikika vizuri.

Mama akafupisha nyaya, akazisokota pamoja, wazee wakasogeza redio zao mbali. Koromo likapungua sana.

Basi, kabla ya kugombana, tujaribu hivi:
1. Weka redio kwenye betri, zima vyombo vya nyumbani kimoja kimoja.
2. Ikilia "trrr-trrr", sogeza simu. Huenda ujumbe unaingia.
3. Tembea na redio, sikiliza kelele zinazidi wapi.
4. Ukisikia ni foni kweli, ongea naye kwanza, halafu mwenyekiti. Kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda.

Waliosema maneno wamekwenda kumwomba kijana radhi. Waya umerudi juu ya mwembe, na jioni wazee wanakwenda kusikiliza kwake.