Simu ya Mama na Mfumo Huria

Wanafunzi wenzangu, simu si chombo cha kupiga na kupokea tu. Ni kompyuta ndogo, na kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoziamrisha programu nyingine zote. Mfumo ukipitwa na wakati, simu huonekana mbovu hata kama haijawahi kuanguka.

Sisi yalitupata mwaka jana. Programu ambayo mama hupokelea ujumbe wa kazi za kufua nguo kule Lavington ilikataa kufunguka, eti simu ni ya zamani. Wiki mbili hakuitwa kazi. Nikatoka Kibera kwa miguu hadi Kawangware, kwa fundi mmoja karibu na steji ya 56. Nilidhani atabadilisha kipuri. Kumbe aliichomeka kwenye kompyuta, akafuta kila kitu na kuweka mfumo uitwao LineageOS. Nusura nipige nduru, maana picha za mazishi ya nyanya zilikuwa humo na hakuniuliza!

Alinieleza kwamba mifumo mingine ni kama redio iliyozibwa kwa gundi: utaisikiliza lakini hutaifungua. Mfumo huria una skrubu. Maandishi yake yako wazi, na yeyote ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Kiini chake ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Finland. Mwaka 2000 kampuni ya Compaq ilipotoa kompyuta ya mkononi iitwayo iPAQ, yenye mfumo wa Microsoft, kuna watu waliouondoa mfumo huo wakatia Linux. Simu za Android, zilizoingia sokoni mwaka 2008, zilijengwa juu ya kiini hicho hicho. Na kwa kuwa kampuni yoyote iliweza kuutumia mfumo huo, simu za bei nafuu zikatokea. Hapa Kenya, IDEOS ya Huawei iliuzwa mwaka 2011 kwa chini ya shilingi 10,000.

Lakini msikimbilie kwa fundi kesho. Lazima wajitolea wawe wameandaa toleo la simu ya aina yako hasa. Ukiweka la aina nyingine, simu yaweza kufa kabisa. Tena kuna sehemu ambazo watengenezaji huzificha, kama zile zinazoendesha kamera. Ndiyo maana kamera ya mama haifunguki mpaka leo. Mwenyewe hajali. Jumatatu iliyofuata aliitwa Lavington.