Mzee Aliyesoma kwa Barua

Wajukuu zangu, mwaka 1989 Afrika Kusini alikuwapo mzee wa miaka 70 aliyetunukiwa shahada ya sheria, na hakuweza kwenda kuipokea. Wahitimu wenzake walivaa majoho wakapigiwa makofi. Yeye alikuwa kifungoni, katika gereza la Victor Verster karibu na mji wa Paarl. Jina lake mnalijua: Nelson Mandela.

Habari za Mandela zikisimuliwa, sote hukimbilia tarehe 11 Februari 1990, siku alipotoka gerezani ameinua ngumi juu. Mimi leo nataka tukae kidogo na ile shahada, kwa sababu inanigusa kuliko mambo mengi yaliyoandikwa juu yake. Mtu yule alikuwa wakili tayari. Mwaka 1952 yeye na Oliver Tambo walifungua ofisi ya uwakili Johannesburg, na watu wenye shida wakajaa mpaka kwenye ngazi. Masomo ya shahada ya sheria aliyaanza mwaka 1943 katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, lakini mitihani ya mwaka wa mwisho ilimshinda, akaondoka mikono mitupu. Basi mzee ambaye amekwisha kuwa wakili, na amekwisha kuhukumiwa kifungo cha maisha, aliitakia nini shahada? Na aliisomaje, chuo kiko kule na yeye yuko nyuma ya kufuli?

Tuanze na hilo la pili, maana ndilo jepesi.

Kusoma ukiwa mbali na mwalimu hakukuletwa na intaneti. Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha stempu ya peni moja, na kupeleka barua kukawa jambo linalowezekana hata kwa mtu wa kipato kidogo. Isaac Pitman, aliyekuwa mwalimu wa hati mkato, yaani maandishi ya haraka ya kunasia maneno ya msemaji, akaona mlango umefunguka. Akawapelekea watu masomo kwa posta. Mwanafunzi alinakili aya za Biblia kwa hati ile, akazirudisha kwa posta. Pitman akazisahihisha na kumtumia tena. Hapo kwenye kusahihisha ndipo penye siri yote. Kitabu unaweza kukisoma peke yako miaka kumi kikakuacha na makosa yako yaleyale, maana hakikuoni. Elimu ya masafa inakuwa shule kwa sababu upande wa pili yupo mtu anayesoma ulichokiandika, na anakujibu.

Afrika Kusini ilikuwa na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1873, siku hizi kikiitwa UNISA, ambacho mwanzoni kilitahini tu. Mwaka 1946 kikaanza kufundisha kwa posta. Mandela alikijua tangu ujana: alipofukuzwa chuo cha Fort Hare, shahada yake ya kwanza aliimalizia kwa kujisomea na kufanya mitihani ya UNISA. Alipofungwa, alijiandikisha kwanza na Chuo Kikuu cha London, ambacho nacho kilitahini watu walioko mbali; miaka ya baadaye akarudi UNISA.

Sasa njooni Kisiwa cha Robben, alikofikishwa Mandela mwaka 1964 pamoja na wafungwa wenzake kina Walter Sisulu, Govan Mbeki na Ahmed Kathrada. Mchana walichimba chokaa, mawe meupe yanayong'aa juani mpaka macho yanauma. Mwanzoni waliruhusiwa barua moja tu katika miezi sita. Usiku taa za seli hazikuzimwa, na waliojiandikisha kusoma waliruhusiwa kukesha kidogo na vitabu vyao. Wengine walisoma masomo ya sekondari kwa posta kupitia Rapid Results College, wengine ya chuo kikuu kupitia UNISA.

Wakaomba mahali pa kuandikia. Wakaletewa mbao zilizopigiliwa ukutani, usawa wa kifua, bila kiti. Fikirieni mtu aliyesimama machimboni kutwa nzima, arudi na kuandika insha amesimama! Kathrada ndiye aliyelalamika zaidi. Akasema mbao zenyewe zimeinama, vitabu vinaporomoka. Siku moja mkuu wa gereza akaingia seli yake ghafla. Akaomba kitabu, akakiweka juu ya ubao, kikatulia. Akaomba cha pili, kikatulia. Alipofikisha vinne bila hata kimoja kusogea, alisema ubao hauna kasoro, akaenda zake. Hata hivyo, baada ya kama miezi sita, mbao zilishushwa na stuli za miguu mitatu zikaletwa.

Shida kubwa zaidi ilikuwa njia ya barua yenyewe. Kitabu kikiazimwa maktaba ya bara, kilipita posta, kikavuka bahari, kikakaa mezani kwa wakaguzi waliokuwa wakisoma polepole makusudi. Kilipomfikia mfungwa, tarehe ya kukirudisha ilikuwa imepita. Mwaka 1977 askari walifukua kurasa za maisha yake ambazo Mandela alikuwa ameziandika kwa siri, na adhabu ikawa kunyimwa ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Walijua pa kumpiga. Hata hivyo alirudi kwenye vitabu, na akamaliza. Kathrada naye alitoka gerezani mwaka huohuo wa 1989 akiwa na shahada nne za UNISA.

Nirudi kwenye lile swali gumu, kwa nini. Mimi nalijibu hivi. Mfungwa aliamuliwa na wengine saa ya kuamka, cha kula na kazi ya kufanya. Kesho ilifanana na jana. Masomo peke yake ndiyo yaliyosogea: leo sura ya tatu, mwezi ujao ya nne. Na maksi zilipofika kutoka ng'ambo ya maji, kulikuwa na mtu huko nje aliyeichukulia akili yake kwa uzito, hata kama ni kwa kumwambia amekosea.

Wazee wetu hawako kifungoni, lakini wengi wamefungwa na majukumu. Kuna mwenye duka asiloweza kulifunga, na bibi anayemuuguza mumewe. Huwezi kumwambia bibi huyo ahamie bwenini. Tanzania ililielewa jambo hili mapema. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili, wakiwamo wazee wengi, walikaa vikundi vikundi kusikiliza masomo ya redio na kuyajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ikafundisha kwa posta. Halafu Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1992 iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, makamu mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari, na wanafunzi wa kwanza wakaanza mwaka 1994. Kina vituo mikoani, kwa hiyo mtu wa Songea anabaki Songea. Barua nyingi siku hizi zimehamia kwenye simu na kompyuta.

Hapo kwenye simu ndipo mnapoingia ninyi. Babu au bibi akianza kusoma, vidole vyake vitasita kwenye kioo, nanyi mtatamani kumnyang'anya mbonyeze wenyewe. Msifanye hivyo; simu ibaki mkononi mwake, abonyeze yeye hata kama inachukua asubuhi nzima. Mkuzieni maandishi. Macho yakichoka, msomeeni swali kwa sauti, kisha mnyamaze aandike jibu lake mwenyewe. Na kazi ikirudi kutoka kwa mwalimu, mwombeni awaonyeshe alipokosea.