HEWA KATIKA SANDUKU LA UYOGA: MAMBO YA KUKAGUA KABLA YA KUKOPESHA



Katika mitaa ya Jangwani na Kariakoo shamba halipatikani. Mwanachama anayetaka kuzalisha chakula cha kuuza hana budi kutumia chumba au pembe ya ua. Ndiyo maana uyoga aina ya mamama unawafaa wakazi wa mjini. Huoteshwa katika mifuko ya nailoni iliyojazwa mabua ya mpunga, na sanduku lenye upana wa mita 1, kina cha mita 1 na kimo cha mita 1.5 laweza kubeba mifuko 18 katika rafu 3.

Lakini sanduku dogo lina hatari yake. Hewa isipopata njia, mbegu bora na maji ya kutosha havitaokoa mavuno, na mkopo wa chama utalipwa kwa fedha iliyokusudiwa chakula cha nyumbani.

Kwa nini uyoga huhitaji hewa

Uyoga hupumua kama sisi: huvuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Katika majuma 2 hadi 4 ya kwanza, utando mweupe unapoenea gizani ndani ya mfuko uliofungwa, hewa hiyo haiudhuru sana. Mfuko ukishatobolewa ili uyoga uchomoze, mambo hubadilika. Hewa ya nje ina takribani sehemu 420 za ukaa katika kila sehemu milioni. Ndani ya sanduku, wakati wa kuchomoza, inafaa zisizidi 1,000.

Mkulima hahitaji chombo cha kupimia, kwani uyoga wenyewe husema. Vikonyo vikiwa virefu na vyembamba, na kofia zikabaki ndogo, hewa ni haba. Kofia zikiwa na maji yasiyokauka, kisha zikapata madoa ya manjano, au ukungu wa kijani ukionekana mifukoni, unyevu umetuama. Kinyume chake, kingo za kofia zikikauka na kupasuka, upepo umezidi. Kuongeza maji mahali penye upungufu wa hewa ni kuzidisha ugonjwa.

Njia ya kuingia na njia ya kutoka

Wako wanaodhani kwamba hewa ya ukaa, kwa kuwa ni nzito, itashuka na kutoka yenyewe kupitia tundu la chini. Dhana hiyo isitegemewe. Kiasi kidogo kilichochanganyika na hewa nyingine hakijitengi, bali huondoka pale tu hewa yote inaposogea. Mifuko hutoa joto, na hewa yenye joto hupanda. Hivyo basi:

1. Matundu ya kuingizia hewa yawe chini upande mmoja, na ya kutolea yawe juu upande wa pili. Ya juu yasiwe madogo kuliko ya chini. Yote yafunikwe kwa wavu mwembamba kuzuia nzi, na kwa kuwa wavu hupunguza hewa, matundu yapanuliwe kufidia.

2. Rafu ziwe za fito zilizoachana, si ubao mzima. Kati ya mfuko na mfuko, na kati ya mfuko na ukuta, ibaki nafasi ya upana wa kiganja.

3. Sanduku liinuliwe juu ya sakafu. Wakazi wa bonde la Msimbazi, walioona mafuriko ya Desemba 2011, hawahitaji kuelezwa zaidi.

4. Katika nyumba ya Kiswahili, ukumbi unaotoka mlango wa mbele hadi uani huvuta hewa vizuri. Sanduku likae karibu na mkondo huo, lisikae katikati yake, na lisivute hewa kutoka upande wa jiko la mkaa.

5. Wakati wa joto, Desemba hadi Machi, matundu yafunguliwe zaidi usiku na alfajiri. Mchana gunia lililoloweshwa litundikwe mbele ya tundu la chini bila kuliziba. Wakati wa masika gunia halina kazi, kwani hewa imekwisha kushiba maji.

Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 yaweza kusaidia. Ikiwa haikuzibwa, feni ya sentimita 12 kwa kawaida husogeza mita ya ujazo 1 au zaidi kwa dakika, na sanduku letu lina mita za ujazo 1.5 tu. Kwa hiyo dakika chache kila saa zatosha. Ikiachwa mchana kutwa itakausha uyoga. Iwekwe juu ikitoa hewa nje, isielekezwe kwenye kofia.

Wajibu wa chama

Kamati ya mikopo itembelee sanduku kabla mifuko haijanunuliwa. Kipimo ni rahisi: kijiti cha udi kiwashwe na kushikwa nje ya tundu la chini, mbali na nailoni. Moshi ukivutwa ndani na baadaye kuonekana tundu la juu, njia ipo. Ukizunguka mahali pamoja, fundi arudi kazini kabla fedha haijatoka. Ikiwa sanduku linategemea feni, kipimo kifanywe feni ikiwa inafanya kazi.

Aidha, mwanachama aandike daftarini idadi ya mifuko, tarehe ya kuitoboa na kilo alizochuma. Mavuno yakishuka, daftari litaonyesha yalianza kushuka lini, na kasoro itatafutwa mapema.

Mwisho, uyoga uchumwe kabla kingo za kofia hazijageuka juu. Ukichelewa humwaga vumbi la mbegu linalokohoza, na katika chumba wanamolala watoto jambo hilo si dogo. Mvunaji afunike pua na mdomo, na hewa ya sanduku ielekezwe nje ya nyumba. Asiye na mahali pa kuitolea asikopeshwe kwa ajili ya sanduku la chumbani, bali ashauriwe kuungana na wenzake watafute banda la pamoja.

Mkaguzi wa Ushirika,
Dar es Salaam