Fahamu: Ada za Wacuba kwa msafiri wa Kahama

Mkazi wa Nyasubi anayeazimia kuzuru Havana, mji ambako Rais Samia Suluhu Hassan alihudhuria kongamano la kimataifa la Kiswahili Novemba 2024, hatakuwa mgeni kabisa, kwa kuwa mwaka 1965 Che Guevara na wenzake wa Cuba, walipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Kongo, walijiita kwa namba za Kiswahili, naye akawa Tatu.

Asitaharuki akisalimiwa kwa busu la shavuni, wala asishangae kahawa nyeusi yenye sukari tele katika kikombe kidogo.

Penye foleni, watu wakiwa wametawanyika vivulini, auulize umati ni nani wa mwisho, aikariri sura yake, kisha naye amjibu atakayefuata kuwa yeye ndiye wa mwisho. Hapo zamu yake imethibiti.