Kalibu ya Kushikia Vitu Vinavyochongwa kwa Leza

Tangu mwanafizikia Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza huko Marekani mwaka 1960, na Kumar Patel naye akabuni leza ya hewa ya ukaa mwaka 1964 katika maabara za Bell, mwale huo umeshuka kutoka kwa wanazuoni hadi kwa fundi wa mtaani, ambaye leo huutumia kutia majina na nakshi juu ya kalamu, vishikio vya funguo na visahani vya mbao. Aghalabu mashine zilizo nafuu hazina jicho: huchoma pale zilipoamriwa, kitu kiwepo au kisiwepo. Kwa hiyo fundi aliyeletewa kalamu mia za wageni wa harusi, akizipanga mojamoja kwa kukadiria, hana budi kuona majina yaliyopinda, na kilichokwisha kuchomwa hakifutiki.

Dawa ya hilo ni kalibu, nayo aula aitengeneze mwenyewe. Huchukua kipande cha plaiwudi chenye unene wa milimita 3, au kadibodi nene, akakibana juu ya meza ya mashine kwa sumaku, kisha akaiamuru mashine yenyewe ikate matundu yenye umbo la kalamu; vipande vilivyokatika akavitoa, na ubao wenyewe asiusogeze hata kwa unywele. Hapo ndipo penye hekima yote ya kazi hii, nami naistaajabia kila niionapo: maadamu matundu yamekatwa na mwale uleule utakaochonga, kwa kufuata mchoro uleule, haja ya kupima imeondoka, na kila kalamu itakayolazwa tunduni itapokea jina lake mahali palipokusudiwa.

Stadi huzidisha uangalifu. Hujua kwamba mwale hula mbao kwa upana wa takriban sehemu moja au mbili za kumi za milimita, basi tundu hutoka pana kidogo kuliko lilivyochorwa. Huongeza pengo la kupokea kile kibanio cha kalamu, ili isibingirike wala isilazwe kinyume. Na ubavuni huacha nafasi ya vidole vya kuitolea. Umbali wa lenzi hupimwa hadi mgongoni mwa kalamu, si hadi kwenye ubao, kwani mwale usiokusanyika barabara huacha maandishi mazito yaliyofifia. Kalibu ya kutumiwa tena huwekewa vizuizi viwili pembeni mwa meza, irudipo ikae palepale.

Hadhari moja haina msamaha. Mtu asikate kalibu kwa plastiki ya PVC, hata akiipata bure, kwani ikichomwa hutoa hewa ya asidi inayodhuru mapafu na kutafuna chuma cha mashine; na akitumia kadibodi, asiondoke mbele ya mashine hadi mwale uzimike, maana kadibodi hushika moto upesi.